Umri wa Kweli na Umri wa Simu

(Mhadhara uliotolewa kwa vijana na wazazi baada ya sala ya Tarawehe)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Twamshukuru Allah (S.W.) aliyetufikisha mwezi huu mtukufu.

Ama baad. Mada niliyopewa ni hizi sheria zinazotaka kampuni za mitandao zihakikishe umri wa mtu kabla ya kumfungulia mlango. Huenda mwengine akasema, hayo ni mambo ya Wazungu, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu, tena sana.

Tuanze na ile nambari 13. Ukitaka kujiunga na Facebook, Instagram au TikTok, waulizwa tarehe ya kuzaliwa. Ukiwa chini ya miaka 13 wakataliwa. Kwa nini 13? Wengi hudhani wataalamu walikaa wakapima akili ya mtoto. Sivyo. Asili yake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998, iliyokataza kampuni kukusanya habari za mtoto wa chini ya miaka 13 bila ruhusa ya mzazi. Kampuni nyingi zikaona kutafuta ruhusa ya wazazi ni kazi kubwa, zikaandika tu: walio chini ya 13 wasiingie. Na kwa miaka mingi mlinzi wa mlango huo alikuwa ni swali moja tu, "umezaliwa lini?" Ukijibu lolote waingia.

Sasa serikali zimechoka na swali hilo. Australia ilipitisha sheria mwaka 2024, na tangu tarehe 10 Desemba 2025 mtoto wa chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii. Kampuni isiyochukua hatua yaweza kutozwa faini hadi dola za Australia milioni 49.5. Angalieni jambo hili: faini ni ya kampuni, si ya mtoto wala mzazi. Uingereza nayo, tangu tarehe 25 Julai 2025, tovuti zenye picha za uchafu lazima zithibitishe umri kwa njia ya maana, si kubonyeza tu "nimefika miaka 18".

Na Kenya je? Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 33, yasema habari za mtoto zisitumiwe bila idhini ya mzazi au mlezi, na anayezitumia awe na njia ya kuthibitisha umri. Kwa Katiba yetu mtoto ni yule aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ikatoa miongozo ya kuwalinda watoto mtandaoni, na suala la kuthibitisha umri limo. Wala sheria hii si ya kupamba kabati. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Ndugu zangu, kuuliza umri si jambo geni kwetu. Abdullah bin Umar (R.A.) amesimulia kuwa alipelekwa mbele ya Mtume (S.A.W.) siku ya Uhud akiwa na miaka 14, hakuruhusiwa kwenda vitani. Siku ya Khandaq alikuwa na miaka 15, akaruhusiwa. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Kuzuiwa kwake hakukuwa adhabu. Ilikuwa ni kumhifadhi mpaka wakati wake ufike.

Lakini tuwe waadilifu, sheria hizi nazo zina gharama yake. Umri huthibitishwa vipi? Kuna ya kupiga picha kitambulisho. Kuna ya kuonyesha uso, mashine ikakadiria miaka. Kuna ya kadi ya benki. Mashine yaweza kukosea, hasa kwa kijana aliye karibu na mpaka. Na kitambulisho ukishakituma, kiko mikononi mwa watu usiowajua. Mwezi wa Oktoba 2025 kampuni ya Discord ilitangaza kuwa picha za vitambulisho vya watu wapatao 70,000 huenda zilionekana na wezi, kwa sababu ya shirika jengine lililokuwa likiifanyia kazi. Isitoshe, kule Uingereza sheria ilipoanza, watu walikimbilia VPN, yaani programu za kuifanya simu ionekane iko nchi nyengine.

Kwa hivyo sheria ni mlango mzuri, lakini mlango hauchagui nani ameshika ufunguo. Na hapa ndipo nataka tusikizane vizuri.

Kwetu sisi nyumba nyingi zina simu moja au mbili. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mama. Akaunti ni ya mama, umri ni wa mama. Mtoto akilia jioni apewa simu anyamaze, futari ipikwe. Sasa hata ikija mashine ya ajabu namna gani, itathibitisha kuwa mwenye simu ana miaka 35. Itasema kweli! Lakini mkono ulioshika simu ni wa mtoto wa miaka 7.

La pili ni ule mwaka wa kuzaliwa. Mtoto wa miaka 10 ataka akaunti. Kaka yake, au hata babake, amwandikia kuwa ana 13. Wanaona ni jambo dogo, miaka 3 tu. Haya, tupige hesabu. TikTok haimruhusu aliye chini ya miaka 16 kutumiana ujumbe wa faragha na watu. Mtoto wetu akifika 13, simu yamhesabu 16, mlango huo wafunguka. Instagram nayo, tangu 2024, ilianza kuzifanya akaunti za walio chini ya miaka 18 ziwe za faragha, na aliye chini ya 16 hawezi kulegeza masharti bila mzazi. Mtoto wetu akifika 15, simu yasema ana 18. Ni mtu mzima! Ulinzi wote uliowekwa kwa ajili yake umeondoka, na aliyeuondoa si kampuni. Ni sisi nyumbani. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini mwendaji hapa ni mtoto.

Zaidi ya hayo, amejifunza nini? Amejifunza kuwa kwenye simu hakuna kusema uongo, kuna "kujaza fomu". Twamfundisha saumu ya kujizuia hata akiwa peke yake chumbani, kisha twamwonyesha kuwa pale uongo wafaa.

Nanyi vijana wenzangu wa miaka 19, 20, msijifiche nyuma ya wazazi. Sheria ya Kenya yakataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari. Basi hawa vijana wa shule wanaobeti wapata wapi akaunti? Ni kitambulisho cha kaka, laini ya binamu, "nisaidie tu bro". Kamari yenyewe tayari ni haramu kwako, na juu yake waongeza kumshuhudia mdogo wako kwa umri asiokuwa nao.

Tufanye nini basi? Kwanza, usiku huu kabla ya kulala, angalieni akaunti za watoto wenu zimeandikwa mwaka gani. Ukiwa si wa kweli, tengenezeni. Kama mtoto hajafikisha 13, akaunti ifungwe, asubiri. Pili, simu ya Android ina mahali pa udhibiti wa mzazi ndani ya Play Store. Weka nambari ya siri, chagua umri, na nambari hiyo isiwe siku ya kuzaliwa ya mtoto! Tatu, usitume picha ya kitambulisho kwa mtu aliyekuandikia ujumbe akidai anathibitisha umri wako. Nne, ukiona picha au habari za mtoto wako zimetumiwa bila idhini yako, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko.

Na wewe mdogo wangu wa miaka 12 uliyekaa pale nyuma, usione twakunyima. Miaka yako itafika, wala hakuna wa kukunyang'anya.

Allah atuhifadhie watoto wetu, na atujaalie wakweli hata pale tusipoonekana na mtu. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.