Laptopu Iliyopinda Safarini

Leo tuongee juu ya hii mashine ambayo siku hizi vikundi vingi vinaweka hesabu zao ndani yake.

Tunaiona ikisafirishwa kama gunia la viazi: juu ya keria ya matatu, jua linawaka, mizigo mingine imeikalia. Ikifika, ganda limepinda na kifuniko hakifungi. Halafu mtu anasema, "Tuikalie, itanyooka." Hapana jamani!

Iwekeni kwanza juu ya meza iliyo sawa. Je, inayumba? Tumbo limefura, ama pale pa kutelezesha kidole pameinuka? Basi huenda shida si plastiki, ni betri. Betri ya lithiamu ikiumia au ikipata joto jingi hutoa gesi ndani yake, ikafura. Ukiibonyeza au kuitoboa yaweza kulipuka moto. Izimeni, msiichaji tena hata kidogo, iwekeni mbali na vitu vya kuwaka na mbali na watoto, mumwite fundi aitoe. Betri hiyo haitupwi chooni wala kwenye takataka za kuchomwa.

Kama ni ganda tu, afadhali. Fundi atatazama bawaba na skrubu. Pasi na makaa, hapana. Joto litaharibu na kioo pia.

Na daftari la mikopo lililo ndani? Fundi aweza kulitoa kwenye diski hata mashine ikikataa kuwaka. Lakini katibu aketi naye hapo, kwani madeni ya watu ni siri.

Safari ijayo mashine ibebwe mapajani, ikiwa imezimwa kabisa.