Pima Kwanza, Laumu Baadaye

(Maneno yaliyosemwa na mwenzetu mmoja katika chakula cha mchana cha wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu. Mimi ni fundi wa magari. Basi nitawaeleza habari ya injini moja iliyonifedhehesha.

Ilikuwa injini ya petroli, lita 2.25, ya Land Rover Series IIA aliyoiacha marehemu baba yangu. Niliifumua yote, krenki ikachongwa, nikaifunga kwa beringi mpya. Asubuhi geji ya oili ilipanda vizuri. Injini ilipopata moto, mshale ukashuka karibu na sifuri. Kitabu chake kinataka ratili 35 hadi 65 kwa inchi mraba, injini ikiwa ya moto na gari likienda maili 30 kwa saa.

Nilimgeukia kijana ninayemfundisha, aliyefunga pampu. Nikamkaripia mbele ya wateja. Hakujibu neno.

Kesho yake tulianza kutafuta kwa utaratibu. Oili ilitosha, na uzito wake ulikuwa sawa. Tukafunga geji nyingine. Ikasema yale yale. Tukateremsha sampo na kuifungua pampu: meno mazima, springi na gololi ya valvu safi. Kijana hakukosea.

Zikabaki beringi. Pampu husukuma oili tu. Presha hupatikana kwa sababu nafasi ya kupitia kwenye beringi ni finyu. Oili ya moto ni nyepesi, na nafasi ikiwa kubwa humwagika ovyo.

Beringi kuu ya kati ilikuwa ya kipimo cha kiwandani, hali krenki ilikuwa imepunguzwa sehemu 10 kati ya 1,000 za inchi. Nafasi ilizidi kwa robo milimita! Kipimo kimeandikwa mgongoni mwa beringi, na aliyezipanga ni mimi, bila kusoma wala kupima.

Jumamosi, wateja walipojaa, nilimwomba radhi kijana yule mbele yao. Tukaweka beringi sahihi. Leo geji husoma ratili 45 injini ikiwa ya moto.

Vijana, kifaa cha kupimia kisiwatoke mkononi. Wazee wenzangu, kazi ikiharibika tuanze kupima ile tuliyoifanya wenyewe.