Pensheni ya Aliyeumia Kazini na Jamaa Zake

Leo twataka kusema nanyi juu ya fedha wapewazo watu walioumia kazini, na juu ya jamaa zao, maana mambo haya mawili hayatengani.

Vijana wa milima ya Litembo huacha ngoro na mibuni ya wazazi, wakaenda kutafuta mshahara: wengine mijini, wengine katika makaa ya mawe ya Ngaka. Tuwaze kwamba mmoja wao ameumia kazini, mguu umekatwa. Sheria ya mwaka 2008 iliweka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nao ulianza kazi Julai 2015. Ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30, mtu hulipwa pensheni kila mwezi. Usipozidi, hulipwa mara moja tu. Lakini yapasa taarifa itolewe ndani ya miezi 12.

Hapo ndipo jamaa waonekanapo. Alalaye kitandani hawezi kufuata barua. Ni nani atakayetunza mkataba wake na hati za daktari? Ni nani atakayemwendea mwajiri? Mwenye mke imara au ndugu ajuaye kusoma huipata haki yake. Mpweke hukaa akingoja, hata miezi ikaisha.

Fedha zikifika, waanza mtihani wa pili. Ndugu wengine humfanya mlemavu kuwa mfuko wa ukoo: karo ya huyu, deni la yule, naye mwenyewe hana hata gongo la kutembelea. Na mkewe, amwogeshaye na kumpikia, haulizwi neno. Sheria yenyewe haikumsahau mtu wa namna hiyo, kwani imeweka posho kwa ajili ya amhudumiaye mgonjwa asiyejiweza.

Je, mkulima aangukaye shambani mwake? Yeye hana mwajiri, na mfuko huo haumhusu. Pensheni yake ni watu wake.

Wazee wa Kimatengo walikuwa na sengu: watu wa ukoo walikula pamoja kwa mzee wao, wakashauriana. Basi, akiumia mmoja wenu, ketini vivyo hivyo. Chagueni mtunza hati na wa kumsindikiza hospitali. Na habari ya fedha iwapo, neno la kwanza na liwe la mwenyewe aliyeumia; mguu umekatwa, akili haikukatwa.