Mbuzi Hawana Stetimenti

Ukambani, binti akiolewa, swali la kwanza ni kama mbuzi wa ntheo, wale wa kuthibitisha ndoa, wamefika. Wakishafika, kinachobaki ni kutembeleana, na kutembeleana hakukuhitaji mhuri wa mtu. Siku hizi mabinti wetu wanaolewa hadi Ujerumani, na safari ya mama kwenda kumwona mjukuu imekuwa kesi inayotaka ushahidi.

Tumchukue mama mmoja wa hapa Katangi. Bintiye amejifungua Hamburg, anamtaka mama akamkande na kumpikia uji. Mama si maskini. Ana magunia ya ndengu, ana miembe, ana mbuzi, na kwenye chama zamu yake haijawahi kumpita. Lakini huko anakoombea viza wanataka taarifa ya benki. Mbuzi hawana stetimenti. Wanataka pia kitu cha kuwahakikishia kwamba atarudi. Hati ya shamba ipo, ila jina lililoandikwa ni la baba mkwe, ambaye nyasi zimeota kaburini mwake siku nyingi. Basi mama, ambaye hajawahi kulala mbali na ng'ombe wake zaidi ya siku tatu, anatakiwa kuthibitisha kwamba hatatorokea Ulaya.

Ada ya viza, tangu Juni 2024, ni yuro 90, na akikataliwa hazirudi. Bima ya matibabu iwe ya kufidia yuro 30,000. Haya, na mama mkwe wa Kijerumani akitaka kuja Katangi? Tangu Januari 2024 Kenya haimdai viza. Anajaza kibali cha kusafiri mtandaoni, analipa dola kama 30, anapanda ndege. Akifika tunamchinjia, tunamkalisha chini ya mwembe, na atakayemuuliza ataondoka lini ataonekana hana adabu. Hata yule mjukuu wa Hamburg, kwa Katiba ya 2010, ni Mkenya wa kuzaliwa kwa sababu mamake ni Mkenya. Mtoto ana mlango huku na huku. Anayebaki nje akibisha ni susu wake, yaani nyanya yake.

Walioolewa karibu wamepata nafuu. Tangu 2014, Mkenya anavuka kuingia Uganda kwa kitambulisho tu. Anayekwenda kwa wakwe Arusha hubeba pasipoti au pasi ya muda, na pale Namanga, tangu kituo cha pamoja kizinduliwe Desemba 2018, shughuli za nchi zote mbili humalizwa mahali pamoja.

Kinachonikera mimi ni hiki. Ujerumani tayari ina utaratibu wa mwenyeji kwenda kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, kuonyesha mshahara wake, na kutia sahihi kwamba gharama za mgeni ni juu yake, hata za kumrudisha kwao. Mkwe ameshajifunga kisheria. Kwa nini basi mama adaiwe benki tena? Na kama ni lazima, daftari la chama lenye miaka kumi ya michango linasema mengi kuhusu mtu kuliko akaunti iliyojazwa kwa mkopo wiki moja kabla ya kuomba viza. Ndiyo, watu hufanya hivyo. Tusijifanye hatujui.

Akipewa viza, ni siku 90, si zaidi. Wahenga walimpa mgeni jembe siku ya tatu. Huyu anapewa mtoto mlangoni, kabla hajavua koti.

Halafu kuna nthoni, ambayo hakuna fomu inayoiuliza. Kwa mila hiyo, mwanamume wa Kikamba na mama wa mkewe huepukana. Wakikutana njiani, mmoja hupisha vichakani. Mswidi Gerhard Lindblom, aliyetafiti Ukambani mwanzoni mwa karne iliyopita, aliliandika jambo hili. Sasa nyumba ni ya vyumba viwili, bafu ni moja, ujia ni wa kupita mtu mmoja. Saa kumi na mbili asubuhi mkwe anatoka kuoga, taulo kiunoni, anasema habari za asubuhi kwa Kiswahili alichojifunza kwa ajili yake. Mama amegeukia ukuta, mtoto mgongoni, anatafuta kichaka.