*KUSHTAKIWA SI KUFUNGWA: Mazungumzo ya Tawi kuhusu Hatua za Kesi ya Jinai*



Haya ni maneno tuliyoyasoma kwenye kikao cha tawi Jumamosi. Tunayaleta hapa kwenye kundi kwa ajili ya wale walioshindwa kufika, na wale waliofika lakini mvua ya kwenye mabati iliwanyima kusikia. Ni marefu kidogo. Someni mpaka mwisho, maana hakuna ajuaye lini zamu yake itafika.

*Kwa nini tumelisema jambo hili*

Mwaka juzi kijana wetu mmoja, dereva wa bodaboda, aligombana na mwenzake kijiweni. Alimsukuma, mwenzake akaanguka. Alikamatwa, akalala mahabusu, asubuhi yake akapelekwa Mahakama ya Wilaya kwa kosa la shambulio la kudhuru mwili. Mtu mmoja waliyekuwa naye mahabusu alimwambia, "Wewe kubali tu yaishe, utapigwa faini uende nyumbani." Sisi hatukuwepo. Tulikuwa tunapigiana simu kutafuta mtu anayemjua mtu.

Aliposomewa shtaka akasema, "Ni kweli." Mwendesha mashtaka akasoma maelezo ya tukio, na humo kulikuwa na chupa, na jino lililovunjika, na fomu namba tatu ya polisi ya matibabu. Hakukuwa na chupa. Lakini alipoulizwa kama maelezo hayo ni sahihi, kwa woga akasema tena, "Ni kweli." Kabla ya saa sita mchana alikuwa amehukumiwa kwenda jela mwaka mmoja.

Kifungo amekimaliza na yuko nasi. Jumamosi alikaa mstari wa mbele, na ndiye aliyetuambia tuseme, ila jina lake tusilitaje. Tunakiri mbele yenu kwamba sehemu ya mwaka ule ni deni letu. Tulikimbilia kutafuta wakubwa badala ya kujua utaratibu.

Wiki iliyopita mwanachama mwingine amefikishwa mahakamani. Habari za kesi yake hatutazijadili hapa, kwa sababu iko mahakamani. Lakini safari hii hatutaki kuchelewa tena.

*1. Kituo cha polisi*

Aliyekamatwa ana haki ya kuambiwa kosa analotuhumiwa. Ana haki ya kumjulisha ndugu, rafiki au wakili. Kabla ya kuhojiwa aonywe kwamba halazimiki kusema lolote na kwamba atakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi. Ndiyo maana yanaitwa maelezo ya onyo. Sheria imeweka saa nne za msingi za kumhoji, na zikiongezwa ziongezwe kwa utaratibu. Kwa makosa ya kawaida anatakiwa apewe dhamana ya polisi au apelekwe mahakamani ndani ya saa 24. Dhamana ya polisi hailipiwi.

Tunasisitiza jambo moja: *usitie saini wala dole gumba kwenye karatasi usiyosomewa.* Taja jina lako, umri na unapoishi kwa heshima. Kuhusu tukio lenyewe, unaweza kusema utazungumza wakili au ndugu yako akiwepo. Ukiamua kueleza, eleza ukweli, kisha omba usomewe yote yaliyoandikwa. Pasipo sahihi pasahihishwe kabla ya saini. Maneno ya siku hiyo yanaweza kurudi mahakamani baada ya miezi mingi, wakati wewe mwenyewe umeshayasahau.

Polisi wakipekua nyumbani, awepo shahidi asiye askari, na iandikwe hati ya vitu vilivyochukuliwa. Soma orodha. Kitu ambacho hakikuchukuliwa kwako kisiwemo.

*2. Siku ya kwanza mahakamani*

Hapa ndipo kijana wetu alipoangukia. Karani au mwendesha mashtaka anasoma hati ya mashtaka, kisha hakimu anauliza kama ni kweli au si kweli. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, lugha ya mahakama ni Kiswahili. Kwa hiyo usione aibu kusema, "Mheshimiwa, sijaelewa, naomba nisomewe tena."

Wengi hudhani kusema "si kweli" ni kumdanganya hakimu au kumvunjia heshima. Sivyo. Kukana shtaka ni kuitaka Jamhuri ilete ushahidi wake. Katiba yetu, ibara ya 13(6), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika kuwa ana hatia. Mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka, tena bila kuacha shaka ya msingi. Mshtakiwa halazimiki kuthibitisha kwamba hana kosa.

Ukikubali, yatasomwa maelezo ya tukio na utaulizwa tena. Hiyo ndiyo nafasi ya mwisho. Kama maelezo yana jambo ambalo hukulifanya, sema hapo hapo. Mtu akisema, "Ni kweli nilimsukuma, lakini yeye ndiye aliyeanza kunipiga," huko si kukiri kosa kikamilifu, na hakimu anatakiwa aandike kwamba amekana. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ililieleza hili mwaka 1973 katika kesi ya Adan, na mahakama zetu zinalifuata mpaka leo.

Aliyekiri mwenyewe, mlango wa rufaa ni mwembamba sana. Kwa kawaida anaweza kulalamikia adhabu tu, si kutiwa hatiani. Kuna mianya michache, kwa mfano kukiri kwa kutoelewa, au hati ya mashtaka isiyoonesha kosa lolote kisheria. Lakini usiingie mtegoni kwa kutegemea mianya.

Msichanganye "kubali yaishe" na makubaliano ya kukiri kosa yaliyowekwa kisheria mwaka 2019. Hayo ni mazungumzo rasmi na upande wa mashtaka, yanaandikwa, yanasajiliwa mahakamani, na hakimu anahakikisha mtu hakulazimishwa. Si kwa makosa yote. Anayetaka njia hiyo aonane na wakili kwanza.

*3. Dhamana*

Makosa mengi yana dhamana. Yapo yasiyo nayo: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha na mengine yaliyotajwa na sheria. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilisema kifungu hicho hakivunji Katiba. Kwa makosa hayo hakimu hana uwezo wa kutoa dhamana hata akikuonea huruma, kwa hiyo atakayekuambia "leta milioni tutakutoa" anakuibia.

Kwa kosa lenye dhamana, mdhamini aje na kitambulisho, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji, na nyaraka za mali kama mahakama imeagiza. Barua hiyo ndiyo inayowalaza watu mahabusu siku za Ijumaa. Mwenyekiti wa mtaa hayupo, mhuri umefungiwa, na mahakama inafunga. Anzeni kuitafuta siku ya kukamatwa, msisubiri siku ya mahakama.

Mdhamini naye ajue anachobeba. Mshtakiwa asipofika bila sababu, hutolewa hati ya kukamatwa, na mdhamini anaweza kutakiwa kulipa fedha aliyoisaini. Msiba na ugonjwa vina karatasi zake. Mpe mdhamini azipeleke asubuhi ile ile.

*4. Kutajwa na kusikilizwa*

Siku ya kutajwa si siku ya kusikilizwa. Inapotajwa, mahakama inapanga tarehe tu, lakini mshtakiwa lazima awepo. Andika tarehe kwenye daftari, usitegemee kichwa.

Kabla ya mashahidi kuja kuna usikilizwaji wa awali. Unasomewa maelezo na kuulizwa yapi hayana ubishi. Jina na makazi si tatizo. Lakini jambo utakalolikubali hapo huhesabiwa limethibitika, wala halitafutiwi tena shahidi. Sikiliza kila sentensi kabla ya kusema ndiyo.

Kama utetezi wako ni kwamba siku ya tukio ulikuwa mahali pengine, usiuweke mfukoni mpaka mwisho. Sheria inataka utoe taarifa kabla ya kesi kuanza kusikilizwa, au walau utoe maelezo yake kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi. Ukichelewa, mahakama inaweza kutoupa uzito.

*5. Mashahidi wao, kisha wewe*

Kila shahidi akimaliza, utaambiwa umuulize maswali. Wanachama wengi husema, "Sina swali," kwa hofu. Hilo ni kosa kubwa. Mahakama zetu zimeshasema mara nyingi kwamba asiyemhoji shahidi kwenye jambo la msingi huchukuliwa kuwa amelikubali. Huhitaji Kiswahili cha bungeni. Uliza: "Ulikuwa umbali gani? Kulikuwa na taa? Uliniona na chupa kwa macho yako, au uliambiwa?" Ukiletewa kielelezo ambacho unakipinga, kwa mfano maelezo ya onyo uliyosaini kwa kipigo, sema unapinga *wakati kinatolewa*. Kusubiri utetezi ni kuchelewa.

Upande wa mashtaka ukifunga, hakimu anaamua kama una kesi ya kujibu. Kama huna, unaachiwa. Kama unayo, usizimie. Hiyo haina maana kwamba umeshatiwa hatiani. Utaelezwa haki yako ya kujitetea kwa kiapo, kuita mashahidi na kuleta vielelezo. Unaweza hata kukaa kimya, ila uamuzi huo usiufanye bila ushauri. Mashahidi wako waandae mapema, na uwaambie neno moja tu: waseme walichokiona. Asifundishwe mtu uongo. Na asiende mtu nyumbani kwa mlalamikaji au mashahidi wake kuwashawishi au kuwatisha. Hilo ni kosa jingine linalojitegemea, na linaweza kumgharimu mshtakiwa dhamana yake.

Angalieni pia tofauti hii. Shtaka likiondolewa na upande wa mashtaka kabla hujaanza kujitetea, umeachiwa, lakini unaweza kukamatwa na kushtakiwa upya. Ndiyo maana wengine hukamatwa tena mlangoni mwa mahakama, na watu hapa kundini mnashangaa. Aliyeshinda baada ya hukumu hashtakiwi tena kwa kosa lile lile, ingawa Jamhuri inaweza kukata rufaa.

*6. Hukumu na rufaa*

Ukitiwa hatiani, utapewa nafasi ya kuomba nafuu kabla ya adhabu. Sema mambo ya kweli: ni kosa la kwanza, una wategemezi, unaumwa, umekaa mahabusu muda gani.

Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, kusudio la kukata rufaa linatolewa ndani ya *siku 10*, na rufaa yenyewe ndani ya *siku 45*, ukiondoa muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni *siku 30*. Aliye gerezani anaweza kutoa kusudio lake kupitia uongozi wa gereza. Ni karatasi moja, haihitaji wakili.

Zile siku 10 za kijana wetu sisi tulizimaliza barabarani. Mmoja alikuwa anajuana na diwani, mwingine ana shemeji yake mahali fulani. Hakuna aliyekwenda gerezani na karatasi. Tulipozinduka ilibidi kuomba nje ya muda, na sababu zetu hazikuwa na uzito.

*Wakili*

Wakili anafaa sana, hasa mapema. Asiye na uwezo asikate tamaa. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo inatambua wasaidizi wa kisheria na inaruhusu mahakama kuelekeza mshtakiwa asiye na uwezo apewe msaada. Iombeni, maana pengine haitakuja yenyewe. Msaidizi wa kisheria hasimami kukutetea kama wakili, lakini atakueleza hatua na kukuelekeza pa kwenda.

*Tulichokubaliana*

*Kwanza,* watu watatu wa kamati ndio watakaopokea taarifa ya kukamatwa kwa mwanachama, usiku au mchana. Mmoja ataenda kituoni, mmoja atafuata barua na wadhamini, mmoja atakaa na familia.

*Pili,* Katibu ana daftari la kesi: tarehe, mahakama, na siku za rufaa. Kila tarehe ya kesi, mwanachama mmoja ataenda kukaa mahakamani kimya kimya na kusikiliza.

*Tatu,* mchango wa tawi ni wa nauli, chakula cha familia na wakili. Hatutachanga shilingi ya hongo, kwa yeyote.

*Nne,* hapa kundini asiandike mtu habari za kesi inayoendelea, asitume picha ya mlalamikaji, asimtukane hakimu. Hasira yako ya dakika mbili inaweza kumwongezea mwenzako shtaka, au ikakuletea la kwako.

Hatusemi kila mwanachama wetu akikamatwa ameonewa. Wapo waliokosea, na watakaokosea. Tunachosema ni kwamba mwenye kosa na asiye na kosa wote wasikilizwe kwa utaratibu, na asifungwe mtu kwa sababu ya woga wake na uzembe wetu.

Kijana wetu alimalizia kikao kwa maneno machache: "Siku ile ningemwona hata mmoja wenu amekaa pale nyuma, ningesema si kweli."

Tarehe ya kesi ya mwenzetu Katibu anayo. Tutakuwepo.

Wenye simu ndogo wasomeeni.

*Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi*