Gari la Chama Linaposita: Mambo Matatu Kabla ya Kufungua Giaboksi



Toyota Land Cruiser ya gia za otomatiki, mathalani iliyoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikiisha kuchakaa huweza kuonyesha kasoro hii: dereva hutia gia ya D, injini hunguruma, lakini gari husita ndipo liondoke. Aghalabu hushauriwa giaboksi ifunguliwe. Kamati isiidhinishe fedha za wanachama kabla ya kuchunguza mambo matatu.

Kwanza, kiasi cha mafuta ya giaboksi. Gari lililokwisha kupata moto lisimamishwe mahali tambarare. Injini isizimwe. Dereva, hali amekanyaga breki, apitishe mkono katika gia zote na kuurudisha P, ndipo kijiti kisomwe. Mafuta yakipungua, pampu huvuta hewa na gia huchelewa kukamata. Yasiongezwe tu, mahali yanapovuja patafutwe.

Pili, rangi na harufu. Mafuta mekundu, maangavu, ni dalili njema. Yakiwa meusi na kunuka kuungua, klachi za ndani zimeungua. Hapo kufungua hakuepukiki.

Tatu, waya uunganishao akseleta na giaboksi. Ukilegea, gia hubadilika mapema mno. Ukikazwa kupita kiasi, huchelewa. Fundi huurekebisha bila kufungua giaboksi.

Katibu aandike matokeo yote katika daftari la gari kabla hati ya malipo haijatiwa saini. Mali ya ushirika hulindwa kwa kupima kwanza, kulipa baadaye.