YOHANA ALICHAGUA
Somo: Yohana 20:30-31, 21:25



Yohana alitembea na Bwana Yesu, akaona mengi sana. Anasema kama yote yangeandikwa, dunia isingetosha kuweka vitabu hivyo. Basi akachagua. Ishara nyingi aliziacha, na sababu anaitaja mwenyewe: ameandika yale ya kutufanya tuamini, tupate uzima. Wakati ule kitabu kilikuwa mali ya bei, na kila mstari uliandikwa kwa mkono.

Sisi leo hatuna shida hiyo. Biblia nzima, maandishi tu, haifiki mega 10. Karti ya giga 32, ile ndogo kama ukucha, inaweza kubeba Biblia zaidi ya 3,000. Sasa ndani yake tumeweka nini? Nyimbo za kwaya, ndiyo. Mahubiri ambayo hatujayasikiliza. Sauti za WhatsApp ambazo msemaji hajulikani. Picha za maiti. Hatufuti kitu, maana nafasi ingalipo. Na vitu vikilala pamoja hivi, tunaanza kuvipa uzito mmoja.

Hapa kwetu tuliona matokeo yake. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, upande wa Mangina, ikafika Beni na Butembo. Katika telefone ileile, tangazo la kunawa mikono lilikaa pamoja na sauti iliyosema ugonjwa ni biashara tu. Wengi wakaamini sauti. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Mwezi wa Aprili daktari Richard Mouzoko akauawa Butembo, akiwa kazini. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umechukua watu zaidi ya 2,200. Sisemi uvumi peke yake ndio uliofanya hayo. Vita na kutoaminiana vilikuwapo kabla ya telefone hizi. Lakini uvumi ulipata nyumba ya bure.

Na mauaji ya vijijini? Picha ya marehemu inazunguka katika telefone mia, lakini jina lake, kijiji chake na siku aliyouawa havimo katika daftari hata moja. Kesho yatima wake akiuliza, tutamwonyesha nini? Ile picha?

Kwa hiyo ninaomba kila familia inunue daftari moja. Andikeni humo majina ya watu wenu, siku, mahali, na nani aliona kwa macho yake. Na ile sauti iliyoingia jana usiku ikisema "wanakuja," muulize aliyekutumia: nani alisema? Yuko wapi? Ameona nini? Akijua, amsha jirani upesi. Asipojua, isitoke kwako.